Picha Iliyokataliwa

Wako wasemao kuwa kazi ya mchoraji ni kuonyesha kila kitu alichokitaja mshairi. Sisi twaona sivyo, na ushahidi wetu ni utenzi wa Kiingereza uitwao The Hunting of the Snark, uliopigwa chapa mwaka 1876. Mtungaji wake, Lewis Carroll, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Oxford. Picha 9 zilichorwa na Henry Holiday, fundi aliyejulikana pia kwa madirisha ya vioo vya rangi.

Utenzi huo wasimulia habari za watu waliovuka bahari ili kumwinda mnyama aitwaye Snark. Ramani yao ni karatasi tupu iliyozungukwa na majina ya pande za dunia. Mmoja wao, Mwoka Mikate, alikuwa ameonywa ya kuwa Snark akiwa ni Boojum, yeye atatoweka ghafula asionekane tena. Na mwisho ndivyo ilivyokuwa.

Holiday alipofika hapo alimchora Boojum. Carroll aliisifu picha, lakini akaikataa, kwani alitaka mnyama yule asiwazike kabisa. Mchoraji akakubali kwa shingo upande. Picha iliyochapwa mahali pale ni giza, na ndani ya giza mna uso mkubwa wa Mwoka Mikate, hafifu kama moshi, umejaa hofu; kitu kimemshika mkono, wala hatujui kama ni ukucha au mdomo wa ndege. Mwenye kusoma kwa haraka hupita asiuone. Kwetu hiyo ndiyo picha bora ya kitabu kizima.

Lakini mtu asidhani ya kuwa Carroll alikataa kila nyongeza. Katika utenzi, wawindaji humtafuta mnyama kwa uma na kwa tumaini pia, na Kiingereza hutumia neno moja kwa chombo na kwa hali ya moyo. Holiday aliwachora Tumaini na Uangalifu kama wanawake wawili waliofuatana na wawindaji. Carroll akasema kuwa wameharibu mchezo wa maana mbili. Holiday akajibu kuwa ameongeza ya tatu, yaani kufuatana. Carroll akaridhika. Neno letu “kwa” laweza kubeba maana zile mbili, bali ya tatu yadai “pamoja na”. Basi mfasiri wa Kiswahili atakwama hapo, na picha ndiyo itakayomfaa.

Kipimo chetu ni hiki: Tumaini lile lilimpa msomaji maana zaidi, Boojum yule angemnyang'anya hofu yake. Katika karne ya 20 mchoro uliokataliwa ulichapishwa, na wanachuoni walifaidika. Wautazame, ila wachapaji wasiutie mahali pa lile giza. Kwani msomaji akiisha kumwona Boojum, kutoweka kwa Mwoka Mikate kutakuwa ni habari ya mtu aliyeliwa na mnyama, basi.