Kazi Inachukua, Inaomba, au Inataka?

Ndugu msomaji, ukisimama asubuhi kando ya ziwa Mweru, hapa Pweto, utasikia watu wakiulizana habari za safari. Swali ni moja tu: kutoka hapa mpaka kule, ni muda gani? Lakini majibu huja kwa namna tatu. Mtu aliyekaa ng'ambo ya Zambia, penye Kiingereza cha shule na ofisi, husema: "Inachukua saa tatu." Aliyetoka Lubumbashi, mwenye kuzoea Kifaransa, husema: "Inaomba masaa tatu." Na mzee asiyejua lugha za Wazungu husema: "Ni mwendo wa saa tatu." Saa ni zile zile. Je, wamesema neno moja? Mimi naona sivyo, na leo nataka tuyapime maneno hayo, hasa lile la Kiingereza, maana ndilo linaloenea upesi kupita yote.

Si ajabu lugha hizo kukutana hapa. Pweto iko kaskazini ya ziwa, pale mto Luvua unapotoka kwenda kuungana na Lualaba, na mpaka wa Zambia u karibu, upande wa Chiengi. Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, watu maelfu walivuka mpaka, na wengi walikaa miaka mingi katika makambi ya Kala na Mwange. Huko lugha ya serikali ni Kiingereza. Mtu hurudi kwao na nguo alizovaa, na maneno aliyoyasikia.

Basi Kiingereza husemaje? Kikitaka kutaja muda au nguvu zinazohitajiwa na kazi, hutumia neno "take", maana yake kutwaa. Neno hilo si la asili yao. Lililetwa Uingereza na watu wa kaskazini waliotoka ng'ambo ya bahari, na mnamo karne ya 11 likaanza kuonekana katika maandiko yao. Mwanzoni lilikuwa neno la kushika kwa mkono. Leo Mwingereza husema kwamba kazi hutwaa saa mbili, hutwaa moyo, hutwaa watu wanne. Mbele ya neno hilo huweka "it", kiwakilishi kitupu kisichotaja mtu wala kitu. Mtu mwenyewe akitajwa, huwekwa nyuma, kama aliyenyang'anywa: kazi ilimtwalia saa zake. Tena husema safari ya saa tatu kwa kuunganisha maneno mawili kuwa jina moja, wala hawatii alama ya wingi katika neno la saa. Ni lugha fupi na nyepesi, nami siidharau. Yafaa sana kwa ratiba ya gari la moshi.

Shida yaanza tunapoibeba ilivyo. Nasikia vijana wakisema: "Safari ilinichukua saa tatu." Haya, tusikilize vizuri. Kwa Kiswahili kitu kinachonichukua ni kitu kinachonibeba: mtumbwi ulinichukua, lori lilinichukua. Safari hainichukui mimi. Mimi ndimi niliyeichukua miguuni. Semeni basi: "Nilitumia saa tatu," au "Nilikwenda kwa muda wa saa tatu." Hapo mtu yupo mbele ya kazi yake, naye ndiye mwenye saa.

Lakini tusihukumu bila haki. Wako wanaosema kwamba "kazi ilichukua siku mbili" ni kosa tupu. Hapo siwaungi mkono. Neno kuchukua kwetu ni neno la mpagazi, si la mnyang'anyi. Tena tangu zamani lina maana ya kuenea ndani: mtungi huu wachukua maji mengi, chombo hiki chachukua mizigo mingi. Kama mtungi wachukua maji, kwa nini kazi isichukue siku mbili? Neno laweza kubeba mzigo huo. Ninalokataa ni kwamba neno moja liwafukuze ndugu zake wote nyumbani.

Maana ndugu zake ni wengi, na kila mmoja ana kazi yake. Tukitaja njia, twasema mwendo wa siku mbili. Tukitaja shughuli, twasema kazi ya siku nzima. Tukitaja nguvu, twasema kazi hii yataka moyo, au ni ya watu wanne. Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapo utaona mtu, utaona haja yake, utaona na mgongo wake unavyopinda. Waingereza wana usemi kwamba ugomvi hutwaa watu wawili. Sisi twasema kidole kimoja hakivunji chawa. Wazo ni karibu moja, ila kwetu ukiliona lina kucha.

Na lile la Lubumbashi, "inaomba"? Hilo nalo limepitia mlango wa Kifaransa, ambacho husema kazi inadai au inaomba muda. Katika vitabu vya Kiswahili sanifu halipendezi. Hata hivyo nalionea huruma, maana kazi inayoomba hupiga hodi kwanza, na mtu aweza kujibu kwamba hana.

Yuko atakayesema: haya ni maneno ya walimu, yana faida gani? Tuwaze mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa mgongoni. Anafika ziwani na kuuliza: "Baba, mpaka zahanati ya kule ni muda gani?" Anajibiwa: "Inachukua saa tatu, mama." Saa tatu za nani? Za mtumbwi wa makasia au wa mota? Za ziwa lililotulia au la upepo? Labda naye anasikia kwamba chombo kitafika saa tatu ya asubuhi, maana kwa Kiswahili saa tatu ni muda, na ni saa ya mchana pia. Anaondoka bila uji wa mtoto. Jibu fupi halikuwa uwongo, lakini halikumsaidia. Mwenye chombo angalisema: "Kwa makasia, tukiwa wawili, twatumia muda wa saa tatu, upepo ukivuma, zaidi," mama angalijua la kufanya.

Hata Waingereza hawakusema hivyo siku zote. Katika Injili ya Yohane, sura ya 2, Wayahudi wanataja miaka 46 ya kujengwa Hekalu. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 haina lile neno la kutwaa mahali hapo. Husema tu kwamba Hekalu lilikuwa katika kujengwa miaka hiyo yote. Ni katika tafsiri za siku hizi, kama ile ya mwaka 1946, kwamba kazi imetwaa miaka. Na katika Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mnara hautwai kitu. Mtu ndiye anayeketi kwanza na kuhesabu gharama, aone kama anazo za kumalizia.

Basi, ndugu msomaji, fundi akikuambia kwamba mlango wako "utachukua wiki mbili", usimkasirikie kwa lugha yake. Muulize kwa upole: "Wewe, fundi, utatumia siku ngapi?" Utaona atanyamaza kidogo, ahesabu vidole, kisha akupe jibu jingine. Hilo la pili ndilo la kushika.