Mbegu Isiyotaka Kukaushwa

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya na diwani. Safari hii mniwie radhi, kwani kitabu nilichokaa nacho kwa miaka minne ni cha bustani. Ni kile cha William Cullina kuhusu kukuza na kuzalisha maua ya porini ya Marekani na Kanada, alichokiandikia chama cha New England Wild Flower Society na kuchapishwa na Houghton Mifflin mwaka 2000.

Wengi wetu hapa Silver Spring, Takoma Park na Hyattsville, au ng'ambo ya mto Potomac kule Arlington, tumekuta nyumba zenye mialoni mikubwa uani. Nyasi hazishiki, nyanya hazizai, sukuma wiki inarefuka shingo ikitafuta jua. Mwisho tunamwaga vibanzi vya mbao na kusema ua huu umekufa. (Wachaga watatucheka: kihamba chao chote kimo kivulini, mkahawa chini ya mgomba, mgomba chini ya mti.) Cullina anaandika kuhusu mimea mingi ambayo makao yake ni hapo hapo chini ya mialoni. Kuna inayochipua Machi na Aprili kabla miti haijavaa majani, ikapokea jua kwa majuma machache, ikachanua, ikazaa. Mingine hulala ardhini hadi mwaka unaofuata. Mertensia, yenye vikengele vya buluu, hufunika kingo za Potomac kule Riverbend kila Aprili, na ifikapo Julai hutaona hata jani.

Nguvu ya kitabu hiki iko kwenye mbegu. Kwetu mbegu njema ni mbegu kavu. Mama yangu alifunga mahindi ya mbegu mafungu mafungu na kuyaning'iniza juu ya jiko yapate moshi, na aliyekuwa na mbegu mbichi alionekana mzembe. Kwa hiyo jirani aliponipa mbegu za Sanguinaria, ua jeupe ambalo mzizi wake ukikatwa hutoa maji mekundu kama damu, nilizianika, nikazitia ndani ya bahasha na kuziweka kabatini hadi majira ya kupanda. Nilizisia Machi. Haikuota hata moja, nikamlaumu jirani kimoyomoyo kuwa alinipa mbegu mfu.

Cullina ndiye aliyenionyesha kwamba niliziua mwenyewe. Mbegu za mimea mingi ya sakafu ya msitu hazivumilii kukauka. Hukomaa mwishoni mwa Mei au Juni, huanguka kwenye majani yaliyooza yenye unyevu, na toka siku hiyo hazipaswi kukauka. Ni lazima zipite joto la kiangazi, kisha baridi ya miezi kadhaa, zote katika unyevu, ndipo zichipue. Hata kiungo cheupe chenye mafuta kilichoshikamana na mbegu ya Sanguinaria kina kazi yake: sisimizi huikokota mbegu hadi kwenye kichuguu, hula ile sehemu ya mafuta na kuiacha mbegu ardhini, mahali penye giza na unyevu. Mambo haya Cullina anayaeleza kwa lugha nyepesi, na mara nyingine kwa utani. Ni mtu aliyepanda na kushindwa, akapanda tena.

Lakini kitabu kina kasoro. Kwanza, zile alama za herufi za kuonyesha jinsi kila mbegu inavyotendewa huchosha. Mara kwa mara nimejikuta nikirudi kurasa za nyuma kama anayetafuta neno kwenye kamusi. Pili, Cullina aliandika akiwa na kitalu kizima Framingham, Massachusetts, ambako theluji hukaa. Hapa kwetu Januari inaweza kuganda leo na kuyeyuka kesho kutwa, na trei ya mbegu iliyoachwa nje huinuka na kushuka hadi mbegu zikajikuta juu ya udongo. Nimejifunza kufunika trei kwa changarawe laini na kuiweka upande wa kaskazini wa nyumba, jua la Februari lisiifikie. Tatu, anashughulikia bara zima, na mwenye ua mmoja wa Maryland hupotea humo.

Ndiyo maana nashauri kisisomwe peke yake. Kando yake kiwekwe kile cha Harry Phillips kuhusu kazi hiyo hiyo, kilichotolewa na chuo kikuu cha North Carolina mwaka 1985. Phillips ana mimea michache zaidi, na picha zake hazivutii kama za Cullina, lakini aliandika kutoka Chapel Hill, na kalenda yake inakaribiana zaidi na yetu. Washington iko katikati ya waandishi hawa wawili, na msomaji atalazimika kupima mwenyewe. Anayetaka kuiona mimea yenyewe kabla ya kununua aende Fern Valley, ndani ya National Arboretum. Kiingilio ni bure. Asichume mbegu Rock Creek, maana sheria ya hifadhi za taifa inakataza.

Nilipofika sura ya Trillium nilifunga kitabu. Mbegu yake hutoa mzizi baada ya baridi ya kwanza, jani moja baada ya baridi ya pili, na ua huja baada ya miaka saba hivi, kama kulungu hawakupita. Miaka saba! Katika jumuiya yetu kila Krismasi kuna anayesema mwakani anarudi nyumbani kwa moja, nami ni mmoja wao toka mwaka 1998. Kupanda Trillium kwa mbegu nilikuona kama kutia sahihi karatasi ambayo nimeikwepa muda wote huo. Hapo ndipo kitabu hiki kilinigusa kuliko riwaya kadhaa za uhamishoni nilizowahi kuzisifu hapa.

Nilizisia mbichi, Julai, mbegu kumi na nane. Aprili ya pili yalitoka majani kumi na moja, kila moja dogo kuliko ukucha. Nimechomeka vijiti pembeni ili kijana anayetukatia nyasi asizipitie.