Ufundi wa Kumpisha Mwenzio

Miongoni mwa sanaa zilizokuzwa na watu wa safari nchini Japani, hakuna iliyoutegemea usuhuba kama renga, yaani utungo wa kupokezana ambamo mtunzi mmoja hutoa mishororo mitatu ya mizani 5, 7 na 5, mwenzake akaifuatisha mishororo miwili ya mizani 7 kila mmoja, na zamu ikaendelea kuzunguka hadi zitimie, kwa desturi ya kale, beti 100. Vita vya Ōnin, vilivyopiganwa kuanzia 1467 hadi 1477 na kuteketeza sehemu kubwa ya jiji la Kyoto, viliwasukuma watunzi wengi mikoani, walikopokewa na watawala na mahekalu, nao wakalipa ukarimu huo kwa kuongoza baraza za utunzi.

Aliyetukuka zaidi kati yao ni Sōgi, mtawa wa Kizen aliyezaliwa 1421. Mwaka 1488 yeye na wanafunzi wake wawili, Shōhaku na Sōchō, walitunga beti 100 kwa heshima ya Mfalme Go-Toba, aliyekuwa na kasri huko Minase, na mwaka 1491 watatu hao hao wakakutana kwenye chemchemi za maji moto za Arima, wakatunga nyingine 100. Tungo hizo mbili zikawa vielelezo kwa vizazi vilivyofuata, ingawa uzuri wake haumo katika ubeti wowote peke yake, bali katika namna kila ubeti unavyoupokea uliotangulia na kuuacha ule uliokuwa kabla yake. Mathalani, mmoja akitaja ukungu wa jioni juu ya kijiji, wa pili aweza kumweka kijijini humo mke anayemngoja mumewe. Lakini wa tatu, atakayempokea mke yule, hana ruhusa ya kuurudia ukungu, bali hana budi kumhamishia kwenye maana nyingine, labda ya vita au ya bahari, na kile alichokikusudia mtunzi wa pili hakitetewi tena na mtu yeyote. Msomaji aliyezoea majibizano ya Kiswahili, ambamo mtunzi huvishika vina vya mwenzake ili amzidi kwa hoja, atauona hapa ufundi wa kinyume, kwani hakuna hoja ya kushinda, na anayesifiwa ni yule aliyemwachia mwenzake nafasi nzuri ya kuanzia. Nidhamu ya namna hii ni ngumu kuliko ile ya vina, kwa sababu inamtaka mtu asiipende mno kazi ya mkono wake mwenyewe.

Sanaa hii ilipowafikia watu wa kawaida ilifupishwa na kulegezwa lugha. Bashō, aliyeishi kati ya 1644 na 1694, alipendelea kasen, utungo wa beti 36 wenye nafasi maalumu zilizotengewa mwezi na maua. Mwaka 1689 alitoka Edo, ambayo sasa ni Tokyo, pamoja na sahibu yake Sora, wakaelekea kaskazini kwa safari iliyochukua takriban miezi mitano, na mahali pengi walipolala palifanyika baraza. Kwa adabu ya baraza hizo, ubeti wa kwanza, uitwao hokku, hutolewa na mgeni wa heshima ukiwa salamu kwa mwenyeji, naye mwenyeji huujibu kwa wa pili. Huko Ōishida, kando ya mto Mogami, Bashō alimsalimu mwenyeji wake, mtu mwenye biashara ya mashua, kwa kuusifu ubaridi wa mto uliokusanya mvua za msimu. Baadaye, katika kitabu cha safari kilichochapishwa mwaka 1702, baada ya kifo chake, ubeti ule unaonekana umebadilika, ukausifu mkondo kwa kasi yake. Ubeti wa kitabuni una nguvu zaidi, jambo lisilo na ubishi, ila ndani yake mwenyeji hayumo tena.

Sōgi mwenyewe alifariki njiani mwaka 1502, huko Hakone, Sōchō akiwa naye. Na ni Sōchō huyo aliyeandika habari za siku hizo za mwisho.

Mwaka 1893 Masaoka Shiki, mhakiki aliyeupa ubeti wa kwanza uhuru wa kusimama peke yake kwa jina la haiku, alihukumu kwamba hokku ni fasihi lakini utungo wa kupokezana si fasihi, kwa kuwa unathamini mabadiliko kuliko umoja wa wazo. Shiki aliitambua sawasawa tabia ya sanaa hii, akakosea katika kuipima, maana mabadiliko hayo ndiyo kazi yenyewe, na hayapatikani kwa mtunzi aliyejifungia chumbani. Inafaa basi anayezisoma haiku za Bashō azitafute pia beti zilizofuata, za wenyeji na wasafiri wenzake, kwa kuwa nyingi kati yake zimehifadhiwa.