Milimita Moja ya Ndevu

Mwanamume mwenye nywele za kipilipili akinyolewa ndevu hadi kidevu king'ae, shida yake ndiyo kwanza inaanza. Shina la unywele wake limepinda tangu ndani ya ngozi, na wembe umeliacha na ncha ya mshazari, kali kama mwiba. Baada ya siku chache ncha hiyo inachomoza, inajikunja, na kuzama tena kwenye ngozi karibu kabisa na ilipotokea. Mwili unaipokea kama adui, na vipele vinajaa kidevuni na shingoni.

Huko Ngoliba, mashariki mwa Thika, upande wa Kilimambogo ambako Mto Athi hupita, jua ni kali na jasho haliishi. Jasho likiingia kwenye ngozi iliyokwanguliwa, inamwasha mtu akakosa raha kutwa nzima. Ndiyo maana kinyozi wa huko anayeijua kazi yake hapimwi kwa kidevu kinachong'aa. Hupimwa kwa hali ya shingo ya mteja wiki moja baadaye.

Kinyozi mmoja wa aina hiyo huanza na vidole. Mashine bado imezimwa, yeye anapapasa chini ya taya taratibu, kwenda na kurudi, akitafuta nywele zinalalia wapi. Hazilali upande mmoja. Za chini ya kidevu huteremka, za ubavuni mwa shingo mara nyingi hupanda kuelekea sikio, na karibu na koromeo hukutana zikafanya kizingo. Akishaijua ramani hiyo, anazifuata zinakoelekea, na kila zinapogeuka naye anageuza mkono. Ngozi haivuti. Ngozi ikivutwa, unywele hukatwa kisha ukarudi chini ya uso wa ngozi, na ukianza kukua hutoboa ukuta wa kinyweleo chake kabla hata haujaona mwanga. Kwa hiyo anaacha kama milimita moja. Mteja asiyejua huona kazi imeachwa nusu. Kwangu mimi, ile milimita ndiyo kazi yenyewe.

Mashine nayo ina siri yake. Meno ni safu mbili: ya chini imetulia, ya juu inacheza juu yake. Kinyozi hulegeza skrubu mbili, akaisogeza safu ya juu karibu na ukingo wa ile ya chini, kisha akaikaza. Ikikaa mbali mno, mstari wa paji la uso hautoki safi. Ikipita ukingo hata kwa unene wa unywele, inakata ngozi. Hapimi kwa rula. Anaipitisha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, anasikiliza mlio, anatia tone la mafuta, anarekebisha tena. Stima ikipotea katikati ya kazi, anachukua ya betri, nayo imeshapimwa vivyo hivyo.

Kisogoni ndiko anakoenda polepole zaidi. Huko, kwa wanaume weusi, kunyoa karibu mno mara kwa mara kunaweza kuchangia vinundu vigumu ambavyo vikikomaa huacha kovu lisilootesha nywele tena. Akiona dalili, anauinua mstari juu kidogo na kuviacha vipumue. Na watoto wanapomiminika siku chache kabla ya shule kufunguliwa, anakagua kila utosi kutafuta mashilingi, yaani choa. Meno ya mashine yanapigwa brashi kwanza, ndipo spiriti ifuate, kwa sababu dawa haifiki penye mabaki ya nywele. Vile visanduku vya mwanga wa buluu navyo huua vijidudu pale tu mwanga unapogusa. Anayerusha mashine chafu ndani yake anamdanganya mteja.

Wenye uwezo sasa huenda kliniki kupigwa leza, na huko pia tatizo lilikuwa lile lile: namna ya kufikia unywele bila kuidhuru ngozi. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish, watafiti wa Marekani, walieleza jinsi mwanga unavyoweza kuchagua shabaha yake kwa urefu wa wimbi na muda wa mpigo. Shabaha ya unywele ni rangi yake nyeusi, na ngozi yetu ina rangi hiyo hiyo, hivyo leza isiyofaa huunguza na kuacha mabaka. Kwa ngozi nyeusi ile iitwayo Nd:YAG, yenye wimbi la nanomita 1064, ni salama zaidi, kwani hupenya kina kirefu huku ikinyonywa kidogo na tabaka la juu. Hata hivyo mtu hurudi mara kadhaa, wiki kadhaa zikipita katikati, maana leza huzipata vizuri nywele zilizo katika hatua ya kukua tu. Mvi haziguswi. Mtaalamu hodari wa leza naye huitazama ngozi kwanza, na nguvu ya mashine huipandisha hatua kwa hatua.

Mteja anapoketi na shingo iliyovimba akitaka wembe, yule kinyozi wa Ngoliba humrudisha.

"Mzee, leo sikunyoi. Ziache mwezi mmoja."

"Mwezi? Na harusi ya Jumamosi?"

"Nitakutengeneza kichwa. Ndevu ziache, zikirefuka zitajitoa zenyewe ndani ya ngozi. Ukirudi tutatumia mashine, wembe hapana."

Analipwa ya kichwa peke yake.