Mbwa wa Verney walishasema

Mwongozo wa maji wa mwaka 1996 ulikuwa makosa, na makosa yenyewe yangeweza kuepukwa. Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilimwambia mkimbiaji aanze kunywa mapema, arudishe maji yote anayoyapoteza kwa jasho, la sivyo anywe hadi kiasi cha mwisho anachoweza kukivumilia. Kiwango kilichopendekezwa: mililita 600 hadi 1,200 kwa saa.

Hilo la kunywa hadi kiasi cha mwisho ndilo linaloniudhi kila msimu wa marathoni. Mchukue mwanamke wa kilo 50 anayemaliza kwa saa tano. Akishika kiwango cha juu, ameingiza lita sita. Kwa mwendo wake, jasho halifiki hata karibu na hapo. Anavuka mstari akiwa mzito kuliko alivyoanza, kichwa kinamuuma, pete imembana kidole, anatapika, na watu wa huduma ya kwanza wanamletea chupa nyingine kwa sababu wamefundishwa kwamba anayeanguka amekaukiwa.

Watetezi walituliza watu kwamba figo zitayatoa maji ya ziada. Figo za aliyekaa kitini, sawa. Za anayekimbia zinapokea amri nyingine, na jambo hilo lilikuwa limechapishwa tangu 1938. E. B. Verney, mwanafiziolojia aliyewahi kufanya kazi na mwanafiziolojia Starling, alimnywesha mbwa maji akasubiri mkojo utiririke, kisha yeye na mwenzake Rydin wakamfanyisha mbwa mazoezi, au wakamtia wasiwasi. Mkojo ukapungua, maji yote yale yakiwa bado tumboni na kwenye damu. Baadaye yeye na mwenzake mwingine, O'Connor, wakaondoa sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, na mzuio ule wa wasiwasi ukadhoofika mno. Kwa hiyo ilikuwa homoni, ile tunayoiita vasopresini. Mazoezi, hofu, kichefuchefu: vyote huifungulia njia hata damu ikiwa imeshazimuka.

Miaka 58 baada ya 1938, jopo la chuo kile likaandika kana kwamba homoni hiyo haipo.

Nimeshalalamika sana hapa kuhusu majopo yanayopima jasho na kusahau damu, na kuhusu chati za rangi ya mkojo zinazobandikwa vyooni kambini. Mkojo wa njano baada ya kilomita 30 unaonyesha vasopresini ikifanya kazi yake, si lazima kwamba mwili umekaukiwa. Pesa za kampuni za vinywaji nazo zilikuwa karibu mno na utafiti wa miaka ile, na sitaacha kulisema hilo.

Verney alikuwa na subira ambayo siioni tena. Ili ampime mbwa akiwa macho, bila dawa ya usingizi, aliutoa mshipa wa karotidi hadi kwenye kitanzi cha ngozi shingoni, kidonda kikapona, mbwa akazoea kusimama kwa utulivu. Ndipo akaingiza maji ya chumvi kali taratibu. Katika mhadhara wake wa 1947 alionyesha kwamba ukolezi wa damu ukipanda kwa takriban asilimia 2 tu, mkojo hufungwa. Chumvi ilifanya hivyo, sukrosi pia. Urea, inayopenya ndani ya seli, haikufanya. Kipimo cha aina hiyo tunacho kichwani, na kiu hutegemea kipimo cha namna hiyohiyo. Jopo likatuambia tusiiamini.

Bili ililetwa kwenye marathoni ya Boston ya 2002. Kati ya wakimbiaji 488 waliotoa damu, asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu kwenye damu, yaani ilizimuliwa na maji ya ziada, watatu wakiwa kwenye hatari kubwa, na dalili iliyotabiri vizuri zaidi ilikuwa kuongezeka uzito njiani. Mwanamke mmoja alifariki katika mbio hizo. Haile Gebrselassie, kwa upande wake, alishinda marathoni ya Dubai 2009 akiwa amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake.

Mwongozo mpya wa chuo hichohicho wa 2007 ulirekebisha, na makubaliano ya wataalamu ya Carlsbad ya 2015 yalirudisha kiu mahali pake. Kazi nzuri.

Lakini bado naona mahema ya mwisho wa mbio ambako mkimbiaji aliyechanganyikiwa anatundikiwa dripu kabla hajapimwa sodiamu. Vasopresini ikiwa juu, maji hayo hubaki mwilini na ubongo huzidi kuvimba. Sodiamu ikionekana kuwa chini, anachohitaji ni mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 3. Waandaaji wa Nairobi na Moshi waweke mizani na kipima sodiamu kwenye kila hema, kabla ya kuongeza meza moja zaidi ya maji.