Majina ya Majenerali

Nilimpenda Joseph Brodsky kabla sijamsoma vizuri. Mwaka 1964 mahakama ya Leningrad ilimhukumu miaka mitano ya kazi ngumu kaskazini kwa kosa la kuwa kupe katika jamii. Mwaka 1972 akafukuzwa nchini kabisa. Nikaamini kwamba mtu aliyeumizwa hivyo na dola hawezi tena kuwa mpambe wake. Nilishaanza kuandika tasnifu juu yake nilipokutana na shairi lake la miaka ya 1990 kuhusu uhuru wa Ukraine: matusi, kwa sauti ya bwana aliyeachwa na mtumishi.

Hakuwa wa kwanza. Pushkin aliondolewa St. Petersburg mwaka 1820 kwa mashairi yaliyomuudhi Tsar Alexander wa Kwanza, akapelekwa kusini. (Ndiyo, Pushkin huyuhuyu tunayependa kumdai kuwa Mwafrika mwenzetu kwa sababu ya Abram Gannibal, babu wa mama yake.) Huko aliandika "Mfungwa wa Kaukazi", lililotoka mwaka 1822. Mrusi ametekwa na Wacherkesi. Msichana wa kijijini anampenda, anamkatia minyororo, kisha anajitosa mtoni. Ni shairi zuri, sikatai. Lakini tazama linavyomalizika. Mfungwa hana jina, msichana hana jina. Majina yanaanza kumiminika pale mshairi anapowasifu majenerali wa vita vya Kaukazi: Tsitsianov, Kotlyarevsky, Yermolov. Hata rafiki yake Vyazemsky alichukizwa. Wapo wanaosema Pushkin alikuwa akimbembeleza Tsar ili arudishwe. Inawezekana, ila mimi sioni kulazimishwa popote katika mistari ile. Naona raha.

Siku hizi namsoma zaidi Lermontov. Naye alipelekwa Kaukazi kwa adhabu, na mwaka 1840 alipigana kwenye mto Valerik akiwa ofisa wa jeshi. Mikono yake si safi. Ila katika shairi lake la siku ile, mapigano yakishatulia, anamgeukia rafiki yake Mchecheni na kumuuliza mahali hapo panaitwaje. Mto wa mauti, anaambiwa. Baadaye swali linakuwa wenyeji wa milimani wamepoteza watu wangapi. Mchecheni anajibu kwamba hajui nani ajuaye; mbona wao wenyewe hawakuhesabu?