GILGAMESH, LIYONGO NA SWALI LA KIFO CHA SHUJAA

Wako wanaodhani kwamba tendi za kale ni mali ya wataalamu wa Chuo Kikuu, na kwamba kada wa Tunduma anayeshughulikia foleni ya malori mpakani hana haja nazo. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo. Utenzi wa Gilgamesh, uliotungwa katika nchi ambayo leo ni Iraki, ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya binadamu kuhusu uongozi. Swali lake ni letu pia: mkubwa akiogopa kufa, gharama analipa nani?

Vibao vyake vya udongo vilifukuliwa Ninawi katika miaka ya 1850, vikapelekwa London. Jambo la kutazama kwanza ni malalamiko. Mfalme wa Uruk, theluthi mbili mungu na theluthi moja mtu, hawapi vijana nafasi ya kupumua, na bibi harusi huwa wake kabla ya kuwa wa mumewe. Wananchi wanalia. Miungu haimwondoi mfalme. Inamuumba Enkidu, mtu wa porini, ili apambane naye. Wawili hao wanapigana mlangoni pa nyumba ya harusi, kisha wanakuwa marafiki, na tangu hapo kilio cha vijana wa Uruk hakitajwi tena. Mtoto wa porini amechukuliwa na ikulu. Hii ndiyo kasoro kubwa ya utenzi huu, na wasifiaji wake wengi huipita kimya.

Kabla ya hapo mfalme ameota kitu kimeanguka toka mbinguni, anajaribu kukiinua, kinamshinda, na watu wa mji wanakizunguka. Msomaji wa Mkoa wa Songwe hana haja ya kufafanuliwa ndoto hiyo: Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 16, kipo pale wilayani.

Enkidu hafi vitani. Anakufa kitandani kwa maradhi. Gilgamesh anakataa azikwe kwa siku sita na usiku saba, mpaka funza anaanguka toka puani mwa maiti. Hapa mtunzi hana mfano. Mfalme anakimbilia nyikani, anamfikia Utanapishtim aliyeokoka gharika, naye anampa mtihani mdogo tu: asilale siku sita na usiku saba. Analala papo hapo. Mke wa mwenyeji anaoka mkate kila siku na kuuweka kichwani pake, na mikate ile iliyochacha ndiyo inayomuumbua.

Mwishowe anapata mmea wa kurudisha ujana, na anatamka kwamba atampa kwanza mzee mmoja wa Uruk. Wanafunzi wengi husema huo ni ukarimu. Sisi tunasoma vingine: mfalme anaijaribu dawa kwenye mwili wa mtu mwingine. Nyoka anauiba mmea, na mzee yule anasalimika bila kujua.

Sasa tumtazame Liyongo katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Sultani wa Pate anamnunua mwana wa shujaa kwa ahadi ya kumwoza binti, na mwana anamchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anapiga goti kisimani, mshale upindeni, anakufa hivyo hivyo. Watu wanamwogopa maiti, hawathubutu kuteka maji. Kwa maoni yetu Kijumwa ameona mbali kuliko mtunzi wa Uruk, maana anatuonyesha kifo cha mkubwa kwa macho ya wenye ndoo tupu.

Gilgamesh anarudi kwao mikono mitupu na kumwonyesha nahodha wake ukuta wa mji, ulivyojengwa kwa matofali ya kuchoma. Waliochoma matofali hawatajwi. Nasi tunayo reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kuvuka mpaka hapa Tunduma. Wachina waliofia kazi hiyo wana makaburi yao Gongo la Mboto. Vibarua wa Kitanzania waliobeba mataruma wengine wangali hai, nao ni wazee sasa. Makada wa matawi yaliyo kando ya reli wachukue daftari wakawasikilize mwaka huu.